Mtoto Hakubatizwa, Wasimamizi wa Nini?

Ndugu zangu wa Dodoma na Mvumi,

Tangu picha za binti yetu zilipofika kwenye kundi la WhatsApp la familia, zikimwonyesha amebebwa na bibi wa Kizungu mwenye mvi huku meya aliyevaa mkanda wa rangi tatu akisoma karatasi, mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi, na mama mkubwa ndiye aliyeliuliza bila kuzunguka: mtoto hakubatizwa, sasa hao wasimamizi ni wa nini? Nimechelewa kujibu kwa sababu jibu fupi lingeonekana la dharau, nami sikulelewa hivyo. Nilibatizwa Mvumi kwa desturi ya Kianglikana, nikiwa na mama wawili wa ubatizo na baba mmoja, na huyo baba ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano mwaka ambao mtama ulikauka shambani.

Nianze na lililo gumu kwenu. Mimi na mume wangu hatusali. Wala si Ulaya iliyoniharibu. Nilianza kuacha nikiwa bado nasoma Dodoma, ila nyumbani mtu haachi kanisa, anaacha tu kulizungumzia. Kusimama mbele ya kasisi na kutoa ahadi kwa niaba ya mtoto, huku moyoni siamini ninachotamka, kungekuwa kulidanganya kanisa ambalo bado naliheshimu. Kanisa nalo lina masharti yake: kwa Wakatoliki, ambao ndio wengi kati ya Wakristo wa hapa Ufaransa, msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe amepata kipaimara na anaishi imani yake. Bibi mnayemwona pichani hakuwahi kubatizwa.

Mlichokiona kwenye picha Wafaransa hukiita ubatizo wa kijamhuri, ingawa hakuna hata tone la maji. Asili yake ni zama za Mapinduzi yao, ambapo mwaka 1792 madaftari ya vizazi, ndoa na vifo yaliondolewa mikononi mwa mapadri na kukabidhiwa kwa manispaa. Hakuna sheria inayousimamia ubatizo huo, hivyo meya halazimiki kuukubali. Manispaa ya mji tulioishi kwanza ilitujibu kwa mstari mmoja kwamba huduma hiyo haitolewi, tukangoja mpaka tulipohamia hapa karibu na Lyon. Siku yenyewe shughuli ilichukua robo saa. Binti alivuta vishada vya dhahabu vya mkanda wa meya, na meya, badala ya kukasirika, akaendelea kusoma huku ameinamia upande mmoja.

Kilichotuchosha ni kuchagua. Kwetu mtoto hachaguliwi mjomba wala shangazi, anawakuta. Akianguka uani Chang'ombe, anayemwinua ni yeyote aliye karibu, na jioni mama yake ataambiwa. Hapa, usiku mmoja mume wangu akiwa safarini, nilishikwa na maumivu ya tumbo ambayo baadaye yalihitaji upasuaji, na wakati nikisubiri gari la wagonjwa nilipitia majina yote kwenye simu nikitafuta mtu mmoja wa kumwamsha saa nane za usiku ili akae na mtoto wa miezi saba. Majina yalikuwa mengi. Mtu sikumpata. Nikagonga mlango wa jirani wa ghorofa ya chini, mwalimu mstaafu, ndiye huyo bibi wa pichani, ambaye tulikuwa tukisalimiana tu kwenye ngazi, naye akapanda amevaa ndala mbili zisizofanana, akamchukua binti na kukaa naye siku tatu. Mume wangu alikuwa akimtaka rafiki yake wa utotoni, nami nilimtaka dada yangu, na tulibishana miezi kadhaa. Lakini kusema kweli, jambo lilikuwa limeshaamuliwa usiku ule.

Msimamizi wa pili ni mdogo wangu wa Dodoma, mliyemwona akihudhuria kwa simu chini ya mkwaju hadi mtandao ulipokatika. Najua mnasema kumfanya mjomba kuwa msimamizi ni kuvaa kanzu juu ya kanzu. Kazi niliyompa ni moja: kila Jumapili anazungumza na mpwa wake Kigogo, bila kuchanganya, na sasa binti hutoa salamu yetu ya "Mbukwa" hata kwa dereva wa basi.

Na kuhusu swali la shemeji, kama tukifa bibi huyo atamchukua mtoto: hapana. Cheti cha manispaa hakina nguvu yoyote kisheria. Sheria ya Ufaransa inampa mzazi anayebaki hai wa mwisho haki ya kumtaja mlezi, kwa wosia au mbele ya mthibitishaji wa serikali, na kwa kuwa hatujui nani atabaki, kila mmoja wetu ameandika wosia wake, wote kwa mkono, na tarehe na saini. Jina lililomo ni la dada wa mume wangu. Najua litawauma baadhi yenu. Binti atakuwa na shule yake hapa, na sikutaka aliyefiwa na wazazi ahamishwe pia nchi na lugha katika wiki moja. Mtakalolitambua ni kwamba ulezi huo husimamiwa na baraza la familia, watu wasiopungua wanne chini ya hakimu, na anayeishi nje ya Ufaransa anaruhusiwa kuwa mjumbe. Nimeandika kwamba ningependa mama mdogo na mdogo wangu wawemo. Ni kikao cha ukoo kabisa, tofauti ni kwamba mwenyekiti ni hakimu na hakuna anayechinja mbuzi.

Mama mkubwa, ukitaka kumwombea mtoto, mwombee. Sitakuzuia na nitashukuru. Mwezi wa saba tunakuja naye, na bibi anakuja pia, kwa nauli yake mwenyewe. Hali nyama, magoti yanamsumbua, na mlenda nilishamwonjesha akaomba kuongezewa. Naomba alale chumba cha mbele, kile kisicho na ngazi.