Chembe zikipendeza kwenye hadubini, msishangilie bado

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza chembechembe za polima za kupeleka mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye utumbo mpana wenye vidonda, naanza na aibu yangu. Fungu langu la kwanza lilipendeza ajabu kwenye hadubini, viduara vitupu. Nikampelekea msimamizi picha, nikalala kwa raha. Kesho yake nikazitia kwenye asidi ya pH 1.2, nyuzijoto 37. Zile saa 2 za kuigiza tumbo hazijaisha, karibu nusu ya dawa ilishatoka.

Polima haikuwa na kosa. Mesalazini hainyeyuki vizuri kwenye diklorometheni, kiyeyusho nilichotumia, kwa hiyo fuwele zake nyingine zilibaki nje, zimeng'ang'ania kama ufuta juu ya mkate wa ufuta. Fuwele hizo asidi huziramba mara moja. Siku hizi nasaga dawa mpaka iwe laini, chembe naziosha, na maji ya kuoshea nayapima pia. Msipoyapima, mtajidanganya kuhusu kilichobaki ndani.

Mtego mwingine ni bafa, yaani kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike. Eudragit S100, polima ya kufunikia dawa, huyeyuka pH ikipita 7. Mtu anajaribu 7.4 peke yake, anaona dawa inatoka, anaandika kwamba imefika. Imefika wapi? pH hupanda mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, kisha hushuka hadi 6 hivi mwanzoni mwa utumbo mpana, na kwa mgonjwa yaweza kushuka zaidi. Chembe ambayo haijafunguka hadi hapo inaweza kwenda chooni na dawa yake. Ndiyo maana napenda kuongeza pektini, ile ya matunda inayogandisha jemu: bakteria wa utumbo mpana huila. Ila pektini peke yake ni msumbufu, hunywa maji ikavimba na kuvujisha dawa njiani. Jaribuni bafa ya 6.8, na ya 6 pia.

Mkichota mililita 5 za sampuli, rudisheni mililita 5 za bafa yenye joto lilelile, na mzikumbuke kwenye hesabu. Chujeni papo hapo. Chembe iliyoingia kwenye sampuli itaendelea kutoa dawa ninyi mkiwa mnakunywa chai.

Na fungeni chupa kwa foili. Mesalazini haipatani na mwanga wala hewa. Mchanganyiko wangu niliuacha dirishani Ijumaa. Jumatatu nikaukuta rangi ya strungi, nikafuta namba zote za wiki ile.