Re: Nikiacha nyama na nyanya, arthritis ya soriasisi itapoa?
Mkuu hapo kwenye nyanya usijitese bure. Mimi nina mwaka wa nne na huu ugonjwa wa viungo unaoambatana na soriasisi ya ngozi, vidole vilivimba kama soseji hadi kufunga vifungo vya shati ikawa kesi, nikaacha nyanya miezi 3 nikaambulia mboga isiyo na ladha tu. Kilichonisaidia ni kupungua kilo 9, soda na chipsi nikapiga chini, usiku ugali kidogo na dagaa, maana mafuta ya mwilini yenyewe yanachochea uvimbe na magoti nayo yanabeba mzigo. Nyama punguza tu. Ila kama unameza methotrexate (dawa ya kutuliza huu ugonjwa) bia weka pembeni, ini litaumia, na dawa usiache aisee, msosi peke yake hauzuii viungo kuharibika.