Naandika rsh, inaitika ssh

SWALI: Fundi, kamwene. Natunza hesabu za kiwanda cha mbao hapa Mafinga. Ankara zetu ziko kwenye seva kuukuu ya Unix, na kila jioni nilikuwa nazivuta kwa rcp, amri ya kunakili mafaili kati ya mashine mbili. Kompyuta yangu ya mezani ilikufa, bosi akaninunulia nyingine yenye Ubuntu 22.04. Sasa ifconfig, amri ya kuonyesha anwani ya mtandao, haipo kabisa. Nikiandika rsh, ndugu yake rcp wa kutuma amri kwenye seva, naambiwa poti 22 (mlango wa mtandao) imekataa, na ninavyojua rsh haijawahi kutumia poti 22. Au mashine imerogwa? – Mhasibu, Mafinga

JIBU: Kamwene, mhasibu. Haijarogwa. Ubuntu isipokuwa na rsh halisi, huliacha jina hilo limwelekee ssh, mrithi wake anayeficha mawasiliano kwa msimbo, na rcp imwelekee scp, mnakili wa ssh. Wewe unamwita rsh, anaitika ssh, naye hugonga poti 22. Rsh mwenyewe hugonga 514. Andika sudo apt install rsh-client, majina yatarudi kwa wenyewe. Usijaribu kunakili programu hiyo kwa flashi kutoka kwingine: lazima itoke kwenye poti iliyo chini ya 1024, na ruhusa hiyo ni ya root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo iache apt, kisakinishi cha Ubuntu, iipange. Ifconfig imo kwenye kifurushi cha net-tools, ingawa ip addr itakuonyesha yale yale bila kusakinisha kitu.

Baada ya hapo tarajia kukataliwa tena, safari hii na seva. Mimi nilipoteza mchana mzima kwenye ofisi moja pale Uyole, koti mwilini, nikibadilisha nywila ambayo hata haikuwa inaulizwa. Rsh ilitoka Berkeley mwaka 1983 pamoja na 4.2BSD, toleo la Unix la chuo hicho, na inaamini watu kwa majina. Seva husoma faili la .rhosts: mashine hii, mtumiaji huyu, apite. Marehemu, kompyuta yako iliyokufa, yumo humo; mgeni, hii mpya, hayumo.

Dawa yangu ni urithi. Kaa kwenye kibodi ya seva yenyewe, soma .rhosts na /etc/hosts (orodha ya majina ya mashine na anwani zake), kisha mpe mgeni jina la marehemu, anwani ile ile ya IP (iwe ya kudumu, isigawiwe na ruta), na jina lile lile la mtumiaji. Seva haitajua kama kulikuwa na msiba. Njia hii naipenda kuliko kuhariri mafaili kwenye mashine ya umri huo.

Ukiona rcp inapita lakini rsh inaganda, angalia ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu. Rsh huomba seva impigie tena kwa njia ya pili, ya kupitishia ujumbe wa makosa, na ufw huifunga. Rcp haihitaji njia hiyo, kwa hiyo kwa kazi yako unaweza kuliacha hivyo hivyo.

Jambo moja nitakubania. Ankara hizo zinapita wazi, yeyote aliye kwenye mtandao huo anazisoma. Tatu Ylönen aliandika ssh kule Finland mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Usiiweke seva hiyo kwenye waifai ya ofisi. Nunua kadi ya pili ya mtandao, vuta waya mmoja kati ya mashine hizo mbili tu, na jioni ya kwanza rcp ikikubali, vuta ankara zote, si za siku hiyo peke yake.