Nianze na tafsiri ipi ya Ovid?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nataka kusoma Metamorphoses ya Ovid, mshairi wa Roma ya kale, ile ya watu wanaogeuka miti, ndege na mawe, ila Kilatini sijui hata kidogo. Za Kiingereza nakuta nyingi mno, zote za mashairi na hazifanani kabisa. Rafiki yangu kanambia nianze na Golding kwa sababu hata Shakespeare aliisoma, nimejaribu nikakwama kurasa za mwanzo tu. Nikomae nayo?

JIBU: Usikomae nayo, iweke kando kwanza. Arthur Golding alimaliza mwaka 1567, mishororo ya mizani 14 yenye vina, na Kiingereza cha enzi zile ni kigumu hata kwa Waingereza wenyewe. Rafiki yako hajakosea lakini, maana mchawi Prospero kwenye tamthilia ya Shakespeare, The Tempest, anapowaita pepo wa vilima na vijito, yale maneno Shakespeare kayachota kwa mchawi Medea wa Golding, kitabu cha 7 (sehemu za Metamorphoses huitwa vitabu). Ila utamu huo unaupata ukiwa tayari unamjua Medea ni nani.

Mi nakushauri uanze na Stephanie McCarter, ya 2022. Mizani kama 10 kwa mshororo, haina vina, inasomeka bila kamusi, na hilo ni muhimu sana kwa sababu Ovid ana vitabu 15, karibu mishororo 12,000, kisa kinaingia ndani ya kisa kingine, unahitaji mtu wa kukufikisha mwisho. Halafu kuna hili linalonigusa zaidi: kwenye visa vingi miungu inawalazimisha mabinti, na watafsiri wengi wa zamani walipapamba hapo mpaka msomaji anadhani kasoma mapenzi. McCarter anasema ubakaji ni ubakaji.

Ukitaka kupima tafsiri yoyote ile, fungua kitabu cha 1 pale binti Daphne anapomkimbia mungu Apollo anayemtaka. Kachoka, anamwomba baba yake mungu wa mto ambadilishe umbo, na hapo hapo ganzi inaingia viungoni, gome jembamba linafunga kifua, nywele zinakuwa majani, mikono matawi, na ule mguu uliokuwa unakimbia sasa hivi unanasa kwenye mizizi mizito. Mbio na kunasa Ovid kaviweka kwenye mshororo mmoja, mtafsiri akirefusha tu kaua kila kitu! Apollo anagusa shina anasikia moyo bado unadunda chini ya gome, anaubusu mti, mti unazikwepa busu zake. Mwishoni mti unainamisha matawi na kilele kinaonekana kama kichwa kinachotikisika, na hiyo "kama" ndo ya kuangalia kwa makini, mtafsiri akiitupa basi Daphne kamkubali Apollo, wakati sekunde chache nyuma alikuwa anakwepa.

Kama kitabu kizima kinakutisha, mshairi Ted Hughes alichagua visa 24 tu kwenye Tales from Ovid ya 1997, ni vikali na vina nguvu ya ajabu, ila kajiachia sana, anaongeza vyake, kwa hiyo ukikuta picha imekushtua usiseme haraka kuwa ni ya Ovid. Ile ya 1717 aliyoisimamia Samuel Garth, yenye kazi za waandishi kama Dryden na Addison ndani, ina vina viwili viwili vinavyong'aa kweli kweli, lakini soma kisa kimoja kimoja, ukiifululiza vile vina vinachosha masikio.