Makopo Mawili Asubuhi, Makopo Mawili Jioni

Jana nimepita banda la farasi la chuo nikakuta ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa mkufunzi mpya: "Kila farasi makopo 2." Nikafuta, nikaondoka bila kumweleza mtu. Maelezo ndiyo haya, na nyote mlioanza kazi muhula huu yasomeni, maana kila mwaka mnatujia na vyeti vipya na makosa yangu ya zamani.

1. Farasi haoni kilicho nyuma ya mkia wake wala kilicho mbele kabisa ya pua yake. Mnalijua, na mtihani mmelitungia. Sasa mbona darasa zima linapangwa nusu duara nyuma ya mnyama "ili waone vizuri"? Wapangeni ubavuni, usawa wa bega.

2. Kamba haizungushwi mkononi. Hukunjwa, ikashikwa katikati.

3. Mizani. Hapa mnivumilie.

Tulikuwa na farasi jike mzee ambaye wanafunzi walimwita Bibi. Mpole, mnene kidogo, amebeba waoga wa miaka mingi bila kumwangusha hata mmoja. Ubaoni niliandika mwenyewe: oti makopo 2 asubuhi, makopo 2 jioni. Kopo lilikuwa la lita 2. Ijumaa nikiwa kwenye kikao cha mtaala, mwanafunzi wa zamu akanipigia simu: "Mwalimu, oti zimekwisha. Kuna mahindi. Nifanyeje?" Nikamjibu kwa kunong'ona, mkono umeziba mdomo: "Mpe mahindi, makopo yaleyale."

Kijana alitii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alitii barabara, Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili. Lita moja ya oti haifiki hata nusu kilo sawasawa. Lita moja ya mahindi hukaribia robo tatu ya kilo, na kila kilo ina wanga mwingi zaidi. Yaani kwa kopo lilelile nilikuwa nimemwongezea Bibi nguvu karibu mara mbili, bila siku hata moja ya kumzoesha. Mimi, ninayewafundisha watu kubadilisha chakula kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10! Wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba hupita mpaka utumbo mpana, unachachuka, asidi inapanda, vijidudu vyema vinakufa, na balaa linaishia kwatoni.

Jumatatu tukamkuta amesimama, miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote ameuegemeza nyuma. Nikaliambia darasa, kwa sauti ya mjuzi: "Anajinyoosha." Kimya. Kisha binti mmoja wa safu ya nyuma, ambaye sikumbuki kama alikuwa ameuliza swali lolote muhula mzima, akasema, "Mwalimu, samahani, hii si ile laminaitisi ya wiki iliyopita?" Wiki iliyopita. Nilikuwa nimewafundisha laminaitisi, uvimbe wa ndani ya ukwato, nikawachorea mkao huohuo ubaoni, nikawapa na jaribio la alama 10. Nikaweka kiganja kwenye ukwato: moto. Nikagusa mshipa juu ya kifundo: unagonga kama mtu mlangoni.

Daktari wa mifugo alikuja, tukazamisha miguu kwenye ndoo za barafu tukipokezana. Bibi alipona, ila kubeba watu ndiyo ikawa basi. Na ukwato una tabia ya kutunza kumbukumbu. Ukatokea mfuo juu, karibu na nywele, ukateremka taratibu, milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Karibu mwaka mzima kila darasa jipya liliuliza, "Mwalimu, huu mstari ni wa nini?" na mimi nikawaeleza, kwa sababu ningefanyaje?

Kwa hiyo ubaoni ni kilo, na jina la chakula, na jina la farasi. Akisema mtu "kopo" mbele yangu, namtuma akapime.

4. Chakula cha ng'ombe na cha kuku kisiingie stoo ya farasi, wala koleo lake, wala toroli lake. Vingi vimetiwa dawa iitwayo monensini, ambayo ng'ombe huimudu, lakini farasi kiasi kidogo tu humuua kwa kuharibu misuli ya moyo. Mkufunzi wa ng'ombe akikuona una maringo, mwache akuone hivyo.

5. Kabla ya somo la vitendo, wanafunzi wapime mapigo ya moyo: farasi mzima aliyetulia ana 28 hadi 44 kwa dakika. Wafundisheni kuhesabu kwanza. Muhula uliofuata baada ya mkasa wa Bibi, kijana mmoja aliniletea karatasi imeandikwa 72. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikuangalia hata farasi mwenyewe, nilikimbilia simu. Daktari akafika anahema, akaweka kifaa chake ubavuni, akasikiliza dakika nzima. 36. Kijana alikuwa amehesabu "du" peke yake na "pu" peke yake. Daktari akamtazama kijana, kisha akanitazama mimi, na mimi ndiye aliyenitazama kwa muda mrefu zaidi.