Kwa nini binti hawezi kukiweka chini

Kaka, umeuliza binti yako kaona nini kwenye riwaya ya The Hunger Games hata anasahau kula. Kwangu mimi si mapigano. Ni ile nafaka. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuongeza jina lake kwenye kura ya kifo, ile ya kuchagua watoto watakaopigana hadi kufa, apewe nafaka na mafuta ya mwaka ya mtu mmoja. Katniss, msichana mhusika mkuu, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20! Yaani njaa ndiyo inayochagua nani afe, na kijana analiona hilo mwenyewe bila kufafanuliwa.

Sisi wa Tanga linatugusa zaidi. Kule Panem, nchi ya kwenye hadithi, kila wilaya inazalisha kitu chake kwa ajili ya makao makuu. Hapa kwetu manamba, vibarua wa mashambani enzi za ukoloni, walikata mkonge ukapakiwa melini, na wao wakaitwa kwa namba. Nilimsimulia bibi yangu kule Ngamiani, akanyamaza kitambo kirefu.

Mwache asome. Vile vitabu vitatu vya mwanzo vilitoka 2008 hadi 2010. Cha tatu ndicho kizito, maana hata waasi wanakuwa wakatili. Hicho msome naye.