Maswali na Majibu: Nahau za hofu katika Kichina

SWALI: Kamusi inanipa bēi gōng shé yǐng, jīng gōng zhī niǎo na cǎo mù jiē bīng, zote kwa maana ya kuogopa. Je, naweza kutumia yoyote popote? (Mwanafunzi wa Kichina, Dodoma)

JIBU: Huwezi. Kabla ya kuchagua, jiulize mtu ameogopa kwa sababu gani.

Bēi gōng shé yǐng (杯弓蛇影), yaani kikombe, upinde, nyoka, kivuli, humfaa anayejitia hofu kwa jambo lisilokuwepo. Kisa chake kimo katika kitabu cha Ying Shao, mwandishi wa karne ya 2. Karani Du Xuan alikaribishwa pombe na mkuu wa wilaya. Ukutani palitundikwa upinde mwekundu, kivuli chake kikaingia kikombeni, naye akaona nyoka. Angekataaje kinywaji cha mkubwa wake? Akanywa. Siku hiyohiyo kifua na tumbo vikamkamata, na dawa zisifue dafu. Alipona baada ya kurudishwa palepale, kuwekewa kikombe na kuonyeshwa upinde. Ukikuta mwenyeji anaitwa Yue Guang, usishangae: historia ya enzi ya Jin inasimulia kisa kama hicho kwa majina mengine.

Jīng gōng zhī niǎo (惊弓之鸟), ndege aliyeshtushwa na upinde, ni ya aliyekwisha kuumia kweli. Mbele ya mfalme wa dola ya Wei, mpiga upinde aitwaye Geng Lei alivuta upinde bila mshale, bata bukini akaanguka. Akaeleza: ndege huyu aliruka polepole kwa kuwa ana jeraha la zamani, aliposikia mlio wa kamba alijitutumua apae juu, jeraha likafumuka. Ni ndugu wa methali yetu, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kisarufi ni nomino, kwa hiyo tanguliza xiàng, "kama". Wanafunzi wengi huifanya kitenzi, na sentensi inaharibika.

Cǎo mù jiē bīng (草木皆兵), majani na miti yote ni askari, inatoka vita vya mto Fei, mwaka 383. Fu Jian, mtawala aliyepigana na enzi ya Jin, alitazama mlima Bagong akiwa juu ya ukuta wa Shouyang, akadhani mimea ni jeshi la Jin. Itumie kwa taharuki, hasa ya kundi.

SWALI: Na wasiwasi wa kungoja majibu ya mtihani?

JIBU: Hizo tatu ni nzito mno. Sema qī shàng bā xià (七上八下), saba juu, nane chini. Wachina huifafanua kwa ndoo 15 zinazoteka maji kisimani: saba zinapanda, nane zinashuka. Usigeuze mpangilio wa namba, na taja moyo kwanza: xīnlǐ qī shàng bā xià de. Ukiacha xīnlǐ, msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia vitu vilivyovurugika.